Kabla Hujapiga Windows Mpya

Basi la alfajiri halimsubiri mtu, na mteja wa steshenari iliyo jirani na Stendi ya Msamvu, Morogoro, analijua hilo kuliko wewe. Anaingia saa kumi na mbili kasorobo, begi begani, flashi mkononi. Anataka kurasa tatu tu: barua ya maombi ya kazi, wasifu wake na nakala ya cheti. Basi lake la Dodoma limeshawasha injini. Unachomeka flashi, unabofya faili, kompyuta inaganda. Kile kiduara cha bluu kinazunguka, kinazunguka, kinazunguka. Mteja anakutazama kana kwamba wewe ndiye uliyeimeza barua yake.

Nimekaa nyuma ya meza ya namna hiyo miaka mingi, na maelezo ya ugonjwa huu niliyoyasikia ni mawili tu: "ina virusi" au "imechoka". Tiba ni moja: "tupige Windows mpya." Kwa mashine moja nililipia tiba hiyo mara tatu kabla sijajiuliza swali ambalo ningeanza nalo tangu siku ya kwanza. Hii kompyuta inafanya nini muda wote inapozungusha kiduara? Haijalala. Tega sikio karibu na kasha lake utasikia diski inakwaruza kama panya darini. Inafanya kazi, tena kwa bidii, ila si ile uliyoituma.

Nawaandikia wenye steshenari wenzangu, wanafunzi wa vyuo vikuu vya SUA na Mzumbe wanaoandika tafiti zao kwenye kompyuta mpakato za mtumba, walimu, makarani, na yeyote mwenye simu iliyoanza kusuasua. Mara nyingi mashine inayosuasua haiumwi. Imekosa nafasi ya kufanyia kazi, na msimamizi wake anamaliza siku akihamisha mizigo. Jambo hilo linaonekana kwa macho, bila fundi na bila senti, ukijua pa kutazama.

Tuanze na neno moja linalotuchanganya. Mtaani mtu akisema "memori imejaa", anazungumzia mahali pa kutunzia picha na nyimbo. Kiswahili sanifu nacho kimelitafsiri neno hilo kuwa kumbukumbu, wakati kumbukumbu kwetu ni jambo lililokwisha kutunzwa, kama kumbukumbu za kikao zinazosainiwa na mwenyekiti na katibu kisha zikafungiwa kabatini. Siwalaumu wanaotafuta maneno. Waliotengeneza Jambo OpenOffice pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ile programu huria ya kiofisi iliyotoka kwa Kiswahili Desemba 2004, walilazimika kubuni au kuchagua mamia ya maneno ya aina hii, na wengi wetu hatujawahi hata kuwashukuru. Lakini kwa shughuli yetu ya leo tutumie maneno mawili yasiyogombana: diski na ramu.

Diski ni kabati. Umeme ukikatika, vilivyomo vinabaki. Ramu ni meza. Umeme ukikatika, meza inafutika ikabaki tupu kama haijawahi kuwekwa kitu. Na prosesa, yule mfanyakazi anayepiga hesabu zote, hawezi kufanyia kazi kabatini. Kila atakachokigusa, iwe ni herufi moja ya barua ya mteja, lazima kwanza kiletwe mezani. Ndiyo maana kompyuta yenye diski ya GB 500 iliyo nusu tupu inaweza kusuasua vibaya sana. Kabati lina nafasi, meza haina.

Umbali kati ya meza na kabati ni mkubwa kuliko watu wanavyodhani. Ramu humpa prosesa kitu alichoomba ndani ya takriban nanosekunde 100, na nanosekunde ni sekunde 1 iliyogawanywa mara bilioni 1. Diski ya zamani, ile yenye sahani inayozunguka mara 5,400 kwa dakika, inahitaji kama milisekunde 10 au zaidi, kwa sababu mkono wake lazima uende mahali palipoombwa kisha usubiri sahani izunguke mpaka hapo. Kwa macho yako zote ni kufumba na kufumbua. Kwa prosesa si hivyo hata kidogo. Tukikuza kipimo ili ramu itumie sekunde 1, diski mpya ya SSD itatumia kama dakika 17, na ile ya kuzunguka itatumia siku nzima na karibu saa nne juu yake. Kabichi iliyo mezani kwako unaikata sasa hivi. Iliyobaki shambani Mgeta lazima usubiri ivunwe, ifungwe tengani na gari liishushe kutoka milimani.

Nani anaamua kipi kikae mezani na kipi kirudi kabatini? Msimamizi huyo ndiye mfumo endeshi: Windows, Linux, macOS, na kwenye simu Android. Watu wengi wanadhani Windows ni zile picha wanazoziona wakiwasha kompyuta. Picha hizo ni rangi ya ukutani. Kazi yenyewe iko ndani, kwenye kiini kinachoitwa kerneli, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni usuluhishi. Inagawa zamu za prosesa, milisekunde chache kwa kila programu, hata ukaamini kwamba muziki, printa na barua vinakwenda pamoja. Inalinda mafaili. Inazungumza na kibodi na printa. Na inagawa ramu, ambayo ndiyo tutakaa nayo leo.

Mimi niliielewa kazi hiyo siku nilipoacha kusoma maelezo ya watu nikatoka nje kutazama stendi. Msamvu ndipo barabara ya kutoka Dar es Salaam inapogawanyika, moja ikishika njia ya Dodoma, nyingine ya Iringa na Mbeya. Kila dereva anayeingia anaamini gari lake ndilo la maana kuliko yote. Akiachwa ajipangie mwenyewe atasimama langoni mpaka ajaze. Programu ziko hivyo hivyo. Kila moja imeandikwa kana kwamba iko peke yake duniani.

Chukua tiketi uitazame. Imeandikwa kiti namba 12. Lakini kiti namba 12 kimo katika kila basi pale stendi, na abiria wake hawagombani, kwa sababu namba ile inasomwa pamoja na namba ya gari. Kompyuta ya leo inafanya hivyo hivyo. Word ina anwani yake namba 12, kivinjari kina anwani yake namba 12, na kila mmoja anaamini kwamba ramu yote ni yake kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kerneli inaweka daftari kwa kila programu, likionyesha kwamba kiti cha huyu kwa hakika kiko sehemu hii ya ramu, na cha yule kiko sehemu nyingine. Daftari haliorodheshi kiti kimoja kimoja, lingekuwa kubwa kuliko stendi yenyewe. Linahesabu kwa kurasa, na kwenye kompyuta nyingi za kawaida ukurasa mmoja ni baiti 4,096.

Faida ya daftari hilo ni amani. Programu ikijaribu kukalia kiti kisicho chake, inateremshwa palepale na wengine wanaendelea na safari. Waliowahi kutumia Windows 95 au 98 wanakumbuka enzi ambazo ulinzi huo ulikuwa dhaifu: programu moja ikikorofisha, skrini nzima inageuka bluu, nawe unaanza upya kuchapa mtihani wa muhula.

Faida ya pili ndiyo inayogusa mfuko wako. Kwa kuwa programu haijui kurasa zake ziko wapi hasa, kerneli inaweza kuzihamisha bila kuiambia. Ramu ikijaa, inatafuta kurasa ambazo hazijaguswa kwa muda, inazipeleka kwenye faili maalumu ndani ya diski, na nafasi iliyopatikana inampa mwenye haraka. Mwenyewe akizihitaji, zinarudishwa. Tuiite kumbukumbu ya kuazima. Si jambo jipya. Kompyuta ya Atlas iliyozinduliwa Manchester, Uingereza, mwaka 1962 ilikuwa na maneno ya kompyuta (vipande vya data) yapatayo elfu 16 tu kwenye kumbukumbu yake ya haraka, na mengine elfu 96 kwenye ngoma. Ndiyo, ngoma: pipa la sumaku linalozunguka. Kabla ya hapo, mwandishi wa programu ndiye aliyehangaika kubeba vipande vya kazi yake kutoka kwenye ngoma na kuvirudisha. Atlas ikaifanya kazi hiyo yenyewe, na mwandishi akaona ana kumbukumbu moja kubwa. Kompyuta ya kwanza Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha miaka mitatu baadaye, 1965, enzi ambazo ramu ya GB 4 unayoidharau leo isingefikirika kwa tajiri yeyote.

Kuazima ni kuzuri mpaka kunapozidi. Fikiria stendi imejaa. Basi la Mbeya linataka kuingia kupakia, kwa hiyo la Dodoma linatolewa nje. La Dodoma lilikuwa halijamaliza, linadai kurudi, kwa hiyo la Tanga linatolewa. La Tanga nalo limekwisha kukata tiketi, abiria wake wanalitafuta. Kutwa nzima mabasi yanapishana langoni, moshi umetanda, kila mtu anatokwa jasho, na hakuna abiria aliyeondoka Morogoro. Hicho ndicho kiduara chako cha bluu, na lile kwaruzo la panya darini ni mabasi langoni.

Mmarekani Peter Denning aliieleza hali hii mwaka 1968, na alichokieleza kina manufaa kwa mwenye steshenari kuliko matangazo yote ya wauza kompyuta. Kila programu, alisema, kwa kipindi fulani cha kazi ina fungu la kurasa inazozigusa tena na tena. Mafungu ya programu zote yakitosha kwenye kumbukumbu, mambo yanakwenda. Yakizidi, hata kidogo, kasi haipungui kidogo kidogo. Inaanguka kama embe. Ndiyo maana kompyuta iliyokuwa nzima ukiwa umefungua kurasa tisa za intaneti inakufa kwenye ya kumi, nawe unaapa kwamba ukurasa wa kumi ulikuwa na virusi. Na ndiyo maana kufunga kitu kimoja tu kunaweza kurudisha uhai wote. Huhitaji kufunga kila kitu. Unahitaji kushuka chini ya ule mstari.

Sasa tufike kwenye kutazama. Kwenye Windows, bonyeza pamoja vitufe vya Ctrl, Shift na Esc. Litafunguka dirisha lenye orodha ya programu zote zinazoendelea, na juu ya orodha kuna asilimia: ya prosesa, ya kumbukumbu (yaani ramu), ya diski. Ikiwa dirisha ni dogo halina safu hizo, bofya maandishi yaliyo chini kushoto lipanuke. Hiyo ndiyo ripoti ya msimamizi. Fanya hivyo wakati kompyuta imeganda, usisubiri ipone. Mgonjwa hupimwa homa ikiwa juu.

Ukikuta kumbukumbu iko asilimia 90 na zaidi, na diski imegonga 100 muda mrefu, huo ndio ugonjwa wa langoni. Bofya neno la kumbukumbu juu ya safu, orodha itajipanga kuanzia mlaji mkubwa. Mara nyingi ni kivinjari. Vivinjari vya leo huipa karibu kila tovuti nyumba yake ili ukurasa mmoja ukianguka usiangushe mingine, na nyumba hizo zina gharama. Funga usizozisoma. Ukikuta kumbukumbu iko asilimia 50 na diski imetulia, lakini prosesa iko 100, tatizo ni jingine: programu iliyokwama, au joto. Vumbi la pembeni mwa barabara kuu likiziba feni, prosesa inajipunguza kasi yenyewe isiungue. Hapo dawa ni brashi. Ukikuta diski iko 100 na kumbukumbu ina nafasi tele, huenda Windows inajisasisha au antivirasi inakagua, au diski yenyewe inakaribia kufa. Ikiwa ni hilo la mwisho, hamisha mafaili yako leo.

Sisemi virusi havipo. Mwenye steshenari anayepokea flashi arobaini kwa siku akisema havipo ni mwongo. Nasema usivitwishe lawama kabla hujasoma ripoti.

Kuna kitu kimoja kwenye ripoti hiyo kinachowadanganya hata mafundi. Ramu kutumika sana si kosa. Msimamizi mwerevu hutumia meza iliyo wazi kuweka vitu ambavyo huenda ukavihitaji tena, na mwenye haja akitokea anavipisha mara moja. Ramu tupu ni meza uliyoinunua ukaiacha ikae bure. Kwa sababu hiyo sipendi kabisa zile programu zinazojiita wasafishaji au waongeza kasi, hasa za simu. Zinaua programu zilizokuwa zimekaa kimya mezani, nyingi zinaamka tena baada ya muda mfupi zikisomwa upya kutoka kwenye hifadhi, betri inaliwa, na mwenye simu anafurahia maandishi ya kijani yanayompongeza. Zifute. Vilevile usimsikilize anayekushauri uzime faili la kuazimia ili kompyuta "itumie ramu tu". Siku meza itakapojaa, programu zitaanza kuanguka badala ya kuchelewa.

Kuzima na kuwasha kunasaidia, na sasa unajua kwa nini: meza inafutwa. Zipo programu mbovu zinazochukua nafasi zisiirudishe, siku baada ya siku, kama mpangaji anayejaza uani magunia yake. Ila angalia. Kuanzia Windows 8, ukichagua kuzima kwa njia ya kawaida, kwenye kompyuta nyingi kerneli haianzi upya. Hali yake inahifadhiwa kwenye diski ili kesho iwake haraka. Anayetaka kusafisha kweli achague kuwasha upya, ile amri iliyoandikwa "Restart". Mimi nilikuwa nikizima kila jioni kwa mwaka mzima nikidhani nimesafisha.

Sasa nisimulie ujinga wangu mkubwa zaidi. Baada ya Windows mpya ya tatu nilikata shauri kununua ramu. Mashine ilikuwa na GB 4, nikaongeza nyingine 4, nikamlipa fundi, nikaondoka kifua mbele. Kesho yake kiduara kilikuwa palepale. Nikarudi kwa fundi, akasema prosesa imechoka. Wiki kadhaa baadaye mwanafunzi mmoja aliyekuja kuchapisha ripoti ya mazoezi ya vitendo aliomba aone taarifa za mfumo, akanionyesha mstari uliokuwa mbele ya macho yangu siku zote: ramu iliyofungwa GB 8, inayotumika GB 3.41.

Fundi wangu alikuwa akipiga Windows ya biti 32, kwa sababu ndiyo iliyokuwa kwenye flashi yake. Tiketi ya mfumo huo ina vyumba 32 tu vya kuandikia namba ya kiti, na kila chumba kinapokea 0 au 1. Namba zinazowezekana ni 4,294,967,296, basi, yaani GB 4. Na katika hizo, nyingine zimetengwa kwa ajili ya vifaa kama kadi ya picha, ndiyo maana zinabaki 3 na ushee. Viti vilivyozidi vipo, vimelipiwa, havina namba, kwa hiyo hakuna atakayepelekwa kuvikalia.

Kwa hiyo kabla hujanunua ramu, bofya kwa kitufe cha kulia cha kipanya juu ya alama ya kompyuta yako, chagua sifa zake, usome mistari miwili: wa ramu na wa aina ya mfumo. Ukikuta mfumo ni wa "32-bit" lakini prosesa imeandikwa "x64", mashine yako ina uwezo kuliko Windows uliyopigiwa. Na hapo, nakiri, ndipo penye haja ya kweli ya kupiga Windows mpya, ya biti 64, baada ya kuhamisha mafaili yote. Mwambie fundi hivyo kwa maneno hayo hayo. Akikuuliza kwa nini, mwonyeshe tiketi.

Anayenunua ramu ajue pia kwamba vipande haviazimani. Aina za DDR3, DDR4 na DDR5 kila moja ina pengo lake mahali pake, na ukilazimisha utavunja kitako. Cha kompyuta ya mezani ni kirefu, cha mpakato ni kifupi. Njia rahisi ni kuchomoa ulichonacho uende nacho dukani. Ila baadhi ya kompyuta mpakato nyembamba ramu yake imeunganishwa kwa risasi kwenye ubao, haiongezwi hata uje na dhahabu. Uliza hilo kabla ya kununua, si baada.

Kati ya kuongeza ramu na kubadilisha diski kuwa SSD, kipi kwanza? Mafundi wengi watakuambia SSD, na hawajakosea sana, kwa sababu inageuza ile siku nzima ya kusubiri kuwa dakika 17, hata kuazima kukizidi. Lakini ni kuharakisha mabasi langoni, stendi bado imejaa. Kama ripoti yako inasema kumbukumbu 95 kila siku na una GB 4, weka fedha kwenye ramu ufike 8. Kama una 8 tayari na kinacholia ni diski, nunua SSD. Kama fedha hazipo kwa lolote, ingia kwenye ukurasa wa "Startup" wa dirisha lilelile la vitufe vitatu, uzizuie programu zinazojiwasha zenyewe kila asubuhi. Mashine nyingi za mtumba nilizozifungua zina kumi au zaidi, na mwenyewe hajui hata tatu.

Swali la Windows yenyewe limekuwa zito tangu Oktoba 14, 2025, siku Microsoft ilipomaliza kutoa masasisho ya kawaida ya Windows 10. Windows 11 inataka mfumo wa biti 64, ramu isiyopungua GB 4, na kifaa cha usalama cha TPM 2.0 ambacho mashine nyingi za zamani hazina. Na hiyo GB 4 ni ya kuingilia mlangoni tu. Kwa kazi, hesabu 8. Kwa mashine ya kuchapia na kuchapishia tu, jaribu Linux ya aina ya Mint au Lubuntu pamoja na programu ya kiofisi ya LibreOffice. Nimeiweka kwenye kompyuta moja ya dukani na inakwenda bila manung'uniko, ijapokuwa jedwali la mteja lililotengenezwa kwenye Word wakati mwingine linahama mstari, kwa hiyo kagua kabla hujabonyeza kuchapisha. Jaribu kwanza kwa flashi bila kufuta kilichopo, inawezekana.

Kwenye simu mambo ni yale yale, ila msimamizi ni mkali zaidi. Android imejengwa juu ya kerneli ya Linux, na Linux ina tabia ya kuuza tiketi kupita idadi ya viti, ikitumaini abiria wote hawatafika. Wakifika wote, inamchagua mmoja inamshusha. Unajaza fomu ya maombi ya mkopo kwenye kivinjari, unatoka dakika moja kwenda WhatsApp kutafuta namba ya cheti, unarudi, ukurasa umeanza upya na fomu ni tupu. Unalaani tovuti. Kumbe kivinjari kilishushwa njiani ili WhatsApp ipate pa kukaa. Andika namba zote kwenye karatasi kabla hujaanza kujaza.

Na ukiwa dukani ukaona tangazo la simu yenye ramu ya GB 16 kwa bei ya kushangaza, soma maandishi madogo. Yakisema 8+8, ramu ya kweli ni 8. Nyingine ni ya kuazima kutoka kwenye hifadhi ya simu, ile ile mbinu ya Atlas na ngoma yake. Si wizi, na inasaidia kidogo programu zisishushwe mapema, lakini si meza. Linganisha simu kwa namba ya kwanza, ya pili iache kwenye boksi.

Yote haya hayataisaidia kitu kazi iliyoko mezani siku umeme unapokatika. Mwenye mpakato ana betri ya kumpa dakika kadhaa. Mwenye kompyuta ya mezani bila betri ya akiba hana hata sekunde. Word hujiwekea akiba ya dharura kila dakika 10 usipoibadilisha. Nenda kwenye mipangilio yake uifanye 1 au 2. Hata hivyo mimi siitegemei. Dukani kwangu kuna karatasi imebandikwa juu ya kila skrini, imeandikwa kwa kalamu nene: Ctrl na S, kila aya. Kama kuna kitu umekiacha wazi kwenye kompyuta yako ukaja kusoma makala haya, rudi ukakihifadhi sasa.